Ukigonga, Fulgence Atakuja

Kanisa la jirani pale Nyakasanza, mtaa wa Bunia, halikuwa na kengele. Lilikuwa na rimu ya lori, imening'inizwa kwenye mti wa avoka, na mama mmoja wa kwaya aliigonga kwa nondo asubuhi, saa sita na jioni. Kila ilipogongwa, Fulgence alisimama. Hata kama alikuwa anakula, hata kama mkono ulikuwa bado na ugali, alisimama, akapeleka mkono nyuma ya mlango, akashika kile chuma chake na kupiga hatua mbili kuelekea uani. Halafu akakumbuka yuko wapi. Akarudi, akakaa.

Mwanzoni watu wa nyumba walicheka. Régine, mwenye nyumba, mdogo wake Hortense mke wa Fulgence, alicheka mpaka akashika mbavu. "Shemeji, Mungu anaita batu na Biblia, weye unamuendea na chuma!" Wiki ya tatu hakuna aliyecheka. Wiki ya nane hakuna hata aliyeinua macho.

Chuma chenyewe kilikuwa manivela, mkono wa chuma uliopinda mara mbili, mzito kama mtoto wa miezi sita. Ilikuwa na kazi moja tu hapa duniani, kuzungusha vane ya Ekluzi. Na Ekluzi, kwa asiyepajua, ni mahali kwenye mto Ngadza, saa tisa za mguu kutoka Bunia kwa njia ya Kilo. Wazungu wa zahabu walijenga pale daraja la matofali lenye matao matatu, na kando yake mfereji na chumba cha matofali chenye malango mawili, cha kuteremshia mitumbwi ya chuma iliyobeba mbao. Kampuni ilikufa, mitumbwi ikauzwa kwa kilo, malango yakaoza yakiwa wazi. Vitu viwili tu vilibaki na kazi. Daraja, na vane, yaani kile kibao kizito cha chuma kwenye mdomo wa mfereji.

Kiangazi vane inafungwa, ili mto ubaki na maji ya kuteka. Mvua ikianza inafunguliwa, mizunguko arobaini, maji ya ziada yanaingia mferejini na kulizunguka daraja. Ukiiacha imefungwa mto unapanda juu ya daraja, leo kifundo, kesho goti, kesho kutwa kiuno, na hapo hapiti mtu. Manivela haiachwi pale hata dakika moja kwa sababu ya wezi wa chuma. Kwa hiyo Fulgence alikwenda nayo shambani, misani, matangani. Miaka ishirini na sita.

Nyumba yake ilikuwa upande wa Bunia. Upande wa pili, ng'ambo, kilitundikwa kipande cha reli. Mtu akifika akakuta daraja limezama, anaokota jiwe, anagonga, na Fulgence anakuja. Mvua isimame, isisimame, anakuja. Kampuni ilipoacha kulipa, watu walishukuru kwa ndizi, kwa mihogo, mara nyingine kwa aksanti tupu, na hakuna siku aliyokosa. Ng'ambo kule wamama waliwaambia watoto wao: ukigonga, Fulgence atakuja. Mmoja aliyekua akisikia maneno hayo, huku akimwona baba yake akiacha sahani na kutoka, alikuwa Solange, binti yake, mtoto pekee aliyebaki katika wanne, ambaye baadaye aliolewa ng'ambo.

Mwezi wa pili risasi zilipofika Ekluzi, Hortense alifunga sufuria ndani ya kitenge na kupiga kelele, "Kamata mufuko ya nyuma ya mulango!" Nyuma ya mlango, kwenye msumari, ulitundikwa mfuko wenye vitambulisho, karata za ubatizo, karatasi zote za maisha yao. Chini ya msumari ilisimama manivela. Fulgence alipeleka mkono nyuma ya mlango na mkono ukashika unachokijua. Walipofika karibu na Nizi ndipo Hortense aliuliza mfuko uko wapi.

Hakupiga kelele. Tangu siku ile Hortense hakupiga kelele tena kwa jambo lolote.

Bunia waliandikisha wakimbizi wa kupewa unga. "Carte ya kitambulisho?" aliuliza mwandishi. "Iko Ekluzi," alijibu Fulgence. "Na hiyo?" "Ni manivela." Mstari mzima uliangua kicheko, watu wenye njaa wakicheka mtu mwenye njaa. "Muzee alikimbia vita na mukono ya mashine!" Jina halikuandikwa. Wakala kwa Régine, na siku hizi Régine alipakua akiwa amewapa mgongo.

*

Dimanche moja, Jumapili ya mwezi wa nne, mvua ikiwa siku ya kumi bila kupumzika, aliingia uani mtu mwenye velo, baiskeli iliyopakia chumvi. Alikuwa Kamate, mchuuzi aliyekuwa akipita Ekluzi kila wiki mbili kabla ya vita.

"Nimewatafuta!" alisema, akiegemeza velo ukutani. "Mu soko banasema kuna muzee mwenye chuma. Nikasema, huyo haiko mwingine. Mama, salamu ya Solange."

Hortense alikuwa akimenya mihogo. Kisu kilisimama.

"Iko muzima?"

"Muzima. Yeye na ka Faida, mutoto yake." Kamate alivua kofia. "Bwana yake alikufaka mu shimo ya zahabu, mwezi wa tatu. Mulisikia?"

Hawakusikia. "Aah," alisema Hortense, na kisu kikaanza tena.

"Kule haikalike tena, mama. Batu ya chapelle, kanisa ya kule, banatoka kesho asubuhi, yeye pamoja nabo. Mardi, saa sita ya midi, batakuwa kwa daraja. Alinituma, 'Ukipita kwa Ekluzi, ambia papa minakuya.' Nilipofika nyumba ilikuwa mutupu."

"Anazania siye tuko kule?" aliuliza Hortense.

"Nilimuambia batu mingi walikimbia. Alicheka. Alisema, 'Papa? Papa hawezi kukaa mbali na vane.'"

Fulgence alikuwa ameshasimama. "Maji iko wapi?"

Kamate aligusa paja lake, juu ya goti. "Nilipita na velo juu ya kichwa. Mara mbili nilisema mi nakufa. Mvua hii ikiendelea, mardi hata ng'ombe haipite."

Kila mtu uani alitazama nyuma ya mlango. Kulikuwa na vane moja tu, imefungwa tangu kiangazi, na manivela moja tu, na manivela ilikuwa hapa Bunia, Nyakasanza, nyumbani kwa Régine, imeegemea ukuta.

"Enda," alisema Hortense.

*

Kwenda si kuamka ukaenda. Tusidanganyane, wakati ule hata kifo kilihitaji ruhusa. Kwenye kutoka mji palikuwa na bariera, na barierani waliomba karatasi ya komanda. Komanda alikaa katika nyumba ya mfanyabiashara aliyekimbia, na lundi, yaani Jumatatu, asubuhi saa moja Fulgence alikuwa mlangoni pake, kofia mkononi, manivela begani.

Uani kulikuwa na lori lililokufa. Rodrigue, dereva wa komanda, mtu mzima mwenye mvi, alikuwa chini yake. Alitoa kichwa, akaona manivela, uso ukang'aa.

"Muzee! Mungu amekutuma. Démarreur, ya kuwashia, imekufa. Leta."

"Chef, hii haiko ya motokari. Hii ni ya vane."

"Chuma ni chuma."

Walijaribu. Haikuingia. Walijaribu kwa nyundo. Haikuingia. Fulgence alisimama kando akihesabu mapigo ya nyundo kimoyomoyo, kwani mdomo ungeweza kumkosesha karatasi. Waliposhindwa hawakumrudishia. Mwanajeshi mmoja aliipeleka stoo kuvunjia kufuli, mwingine akaikalia kama kigoda akila mahindi ya kuchoma.

"Chef," alimwambia Rodrigue, "kama vane haifunguke, maji itameza daraja. Mutoto yangu iko ng'ambo."

"Daraja ni ya babu yako?"

"Ni ya batu yote."

"Basi batu yote bakuye kuomba. Kaa pale, komanda anakula."

Akakaa pale, chini ya ukuta. Komanda alikula, komanda alilala, komanda alitoka kwa mlango mwingine. Jioni walimwambia kesho.

Mardi, Jumanne, alikaa tena pale pale. Walimpa ndoo, akaosha matairi ya lori lisilokwenda. Walimtuma sigara, akaenda, akarudi na chenji. Saa sita kamili, kutoka mbali upande wa Nyakasanza, alisikia rimu ya kanisa. Akasimama. Mkono wake ulikwenda nyuma kutafuta, lakini hapakuwa na mlango, palikuwa na ukuta tu, na vidole vikapapasa matofali. Wanajeshi walicheka vizuri sana. Mmoja akaenda kugonga bonneti ya lori kwa jiwe ili aone kama mzee atasimama tena, na mzee akasimama tena.

Mercredi, Jumatano, kabla jua halijatoka vizuri, alikuja Hortense. Mkononi alikuwa na pagne ya wax, kitenge cha vipande sita, haijawahi kushonwa. Kati ya vitu vya ndani ya sufuria siku ya kukimbia, hii ndiyo aliyoifunga ya kwanza. Aliiweka kwa ajili ya Solange, ya siku atakapomaliza kunyonyesha, kama ilivyo desturi kwao. Hakumsalimu mume wake. Alimpita, akampa Rodrigue pagne kwa mikono miwili na kupiga goti kidogo.

Rodrigue aliikunjua, akaitazama kwenye mwanga.

"Unaona, muzee? Mama iko na akili. Mukono mutupu haulambwi."

Karatasi ilitoka kwa muda wa kunywa chai. Komanda alitia sahihi bila kuisoma. Manivela ilitupwa miguuni pa Fulgence, na ncha yake, ile inayoingia kwenye vane, ilikuwa imekwaruzwa na nyundo upande mmoja. Aliipima kwa kidole gumba. Itaingia, alijiambia. Kwa shida, lakini itaingia.

"Ambia Solange," alisema Hortense. "Ambia yeye asivue viatu, njia iko na misumari mingi."

*

Alitembea mvuani. Barierani walisoma karatasi juu chini, wakampekua mifuko iliyokuwa haina kitu. Hakufikiri sana njiani. Alipita nyumba zisizo na paa, mbwa waliokuwa wamenenepa kuliko watu, shamba la maharage lililovunwa na wasiolipanda, na vitu hivyo vyote vilipita pembeni mwake. Alihesabu tu siku. Walifika jana saa sita. Watakuwa wamegonga, wameona kimya, wamekaa chini ya miti. Solange atawaambia ngojeni. Saa kumi yuko pale, saa kumi na moja maji yamepungua, wanapita.

Saa kumi kasoro alifika. Daraja halikuonekana. Palikuwa na maji ya rangi ya chai ya maziwa yakipita juu yake, na mikono miwili ya matofali ikijitokeza huku na kule kuonyesha lilipo. Ng'ambo hapakuwa na mtu.

Hakusimama kutazama. Alishuka kwenye vane, akaingiza manivela. Ilikwama. Akaigonga kwa kiganja, ikaingia. Mzunguko wa kwanza ulikuwa mgumu kama kung'oa kisiki. Wa pili ulilia. Wa tatu vane ikasogea. Alihesabu kwa sauti, kama siku zote. Kumi. Kumi na moja. Maji yalianza kuingia mferejini kwa mlio ambao hakuwa ameusikia tangu mwaka jana. Ishirini na nne. Matofali ya juu ya daraja yakatoka, meusi, yana majani yaliyonaswa.

Kwenye thelathini na moja aliinua kichwa, akaona mtu ng'ambo. Alikuwa mwanamke amesimama karibu na nguzo ya reli, mtoto mgongoni.

"Ngojeni!" alipaza sauti, maneno yale yale ya miaka ishirini na sita. "Ngojeni, inashuka!"

Fulgence alimaliza mizunguko yake, yote arobaini, akavuka maji yakiwa kwenye kifundo, na katikati ya daraja alitambua kwamba mwanamke yule alikuwa ameinama mgongo, na kwamba Solange hajawahi kuinama mgongo.

Alikuwa Elisabeth, mjane wa ng'ambo, ambaye alikataa kukimbia kwa sababu ya magoti. Mgongoni mwake Faida alikuwa amelala, mdomo wazi.

"Umekuya," alisema Elisabeth.

"Wengine wako wapi?"

"Walipanda mto, kwa ile miti iliyolazwa juu ya maji, saa mbili za mguu. Walipita bote, jana. Hakuna aliyekufa." Alivuta pumzi. "Walimuita. Walimuvuta hata mukono. Alikataa. Alisema, mutoto wangu hawezi kupita juu ya miti, na papa anakuya. Alisema, hamujue papa yangu. Akakamata jiwe."

Fulgence alitazama reli. Chini yake palikuwa na jiwe, limemeguka upande.

"Aligonga kuanzia midi. Nikamuambia, mama, acha, kuna batu ya bunduki kule mu kilima, wanasikia. Akasema, na papa anasikia. Nilimutwaa mutoto, nikaenda naye mu bandizi, chini ya migomba, kusudi mvua isimupate. Leo asubuhi akaanza tena." Elisabeth alisema yote kwa sauti moja, kama mtu anayesoma orodha. "Saa ine walishuka. Walikuwa watatu. Hawakusema kitu. Nilisikia reli inanyamaza, halafu nikasikia bunduki."

"Saa ine," alisema Fulgence.

"Saa ine."

Saa nne yeye alikuwa ameshatembea saa tatu.

"Iko wapi?"

Elisabeth alionyesha kwa kidevu. Nyuma ya nguzo kulikuwa na udongo mpya na jembe limesimamishwa. "Sijamaliza. Magoti imekataa."

Alishika jembe. Alichimba mpaka ikatosha, akamlaza binti yake vizuri zaidi, akamfunika kwa kitenge cha Elisabeth, akarudisha udongo. Viatu vilikuwa miguuni. Hakulia, na Elisabeth hakumtazama kama mtu anayesubiri alie. Walikuwa wamezika wengi mwaka ule. Alipomaliza alishuka mtoni, akaosha jembe, akalirudisha kwa mwenyewe.

Halafu alivuka hadi nyumbani kwake, Elisabeth akimfuata polepole na mtoto. Alitaka ule mfuko. Mlango ulikuwa umechukuliwa, na madirisha, na mabati. Msumari ulikuwepo ukutani.

Elisabeth alimfunga Faida mgongoni mwa babu yake kwa kanga kuukuu. Fulgence alipita kwenye vane, akaangalia maji, akaona yanakwenda sawa. Akachomoa manivela, akaifuta kwa shati, akaiweka begani.

"Utaibeba tena?" aliuliza Elisabeth.

Aliitazama mkononi mwake. Hakuwa ameamua kuichomoa.

"Wataiba," alisema.

*

Waliingia Bunia kesho yake saa tano, yeye na mtoto. Hortense alikuwa uani. Aliona kichwa kidogo nyuma ya bega la mume wake, kisha akatazama nyuma yake, njiani, akaendelea kutazama mpaka njia ikaisha. Alimfungua mtoto, akachota maji ya moto, akamwogesha ndani ya beseni, kwapa, shingo, katikati ya vidole vya miguu. Régine alisimama mlangoni, viganja mdomoni. Kisha akaingia ndani akatoa sahani, na safari hii aliwapakulia akiwa amewageukia.

"Daraja?" aliuliza Hortense hatimaye, mgongo ukiwa umegeuka.

"Iko. Imesimama."

"Batu wanapita?"

"Wanapita."

"Aksanti Mungu," alisema Hortense, kwa sauti ya mtu aliyeambiwa bei ya chumvi.

Fulgence alimweleza. Alimweleza jiwe, midi ya mardi, saa nne ya mercredi, hakuficha hata moja, kwa maana katika nyumba ile hakuna aliyekuwa na nguvu za kuficha. Hortense alisikiliza huku akimpaka mtoto mafuta. Ilipofika pale Solange aliposema hamujue papa yangu, mkono wake ulisimama kidogo, kisha ukaendelea.

"Mardi midi," alisema. "Mi nilikuwa hapa. Rimu ililia. Nilizania ni kanisa."

"Ilikuwa kanisa."

"Eeh," alisema Hortense. "Ilikuwa kanisa."

Saa sita ikafika. Mama wa kwaya alitoka na nondo yake, akagonga. Siku ile watu wa uani waliinua macho, wakingoja mzee asimame. Fulgence hakusimama. Alikaa kwenye kigoda, mikono juu ya magoti, macho kwenye maji machafu ya beseni, na rimu ikagongwa, ikagongwa, na hakutikisika hata kidogo.

Hortense alimweka mtoto chini. Aliinuka, akaenda nyuma ya mlango, akarudi na manivela kwa mikono miwili kwa sababu ya uzito. Aliiweka juu ya magoti ya mume wake, polepole, kama mtu anayemkabidhi mtoto.

"Fulgence," alisema, "banagonga."